Nesi akisema "sitaki"

Mdogo wangu, umeniuliza maswali mawili na shangazi kaongeza la tatu. Wewe unamaliza uuguzi, unataka kuja Uingereza, na kuna mtu amekutisha kwamba huku utalazimishwa kusaidia kutoa mimba upende usipende. Mwingine kakuhakikishia kwamba huku hakuna mgonjwa anayekataliwa, hata asiye na senti. Shangazi yeye anauliza kama akija kunitembelea atafanyiwa goti lake bure.

Nianze na lako. Hutalazimishwa. Sheria ya utoaji mimba ya 1967, inayotumika England, Wales na Scotland, ina kifungu cha 4 kinachomruhusu mhudumu asishiriki ikiwa dhamiri yake inamkataza. Ila kifungu hicho kina mkia: maisha ya mama yakiwa hatarini, au akiwa karibu kupata madhara makubwa ya kudumu, dhamiri inakaa kando na wewe unaingia kazini. Wala usidhani ukishasema "mimi siwezi" unajiondokea. Kanuni za baraza linalotusajili sisi wauguzi zinakutaka umwambie mkuu wako, wenzako na mgonjwa mwenyewe, kisha uhakikishe yupo mwenye ujuzi wa kushika nafasi yako. Ukimwacha mgonjwa hewani, kosa ni lako.

Na mipaka yenyewe ni finyu. Wakunga wawili wa Glasgow, wasimamizi wa wodi ya kujifungulia, walidai ulinzi huo uwafikie hata katika kupanga zamu na kuwasimamia wenzao wanaowahudumia wanawake wanaotoa mimba. Desemba 2014 Mahakama ya Juu ikawakatalia: analindwa anayetia mkono kwenye kazi yenyewe, mpanga ratiba halindwi. Mimi naona walikataliwa sawasawa. Rafiki yangu mmoja, Mkatoliki wa kweli, hakunisemesha siku mbili nilipomwambia hivyo.

Ukivuka bahari tu, mambo yanageuka. Sweden haikupi ruhusa hiyo kabisa. Wakunga wawili walioipigania walishindwa nyumbani, na mwaka 2020 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakataa kuyapokea malalamiko yao. Italia imeitoa kwa mkono mpana tangu sheria yake ya 1978, na zaidi ya nusu ya madaktari wa uzazi wamejiandikisha kuwa hawatoi mimba. Kwa hiyo kuna hospitali ambako mwanamke anakuta sheria inamruhusu lakini daktari hayupo, anaanza kuzunguka. Daktari mmoja akikataa penye kumi, mgonjwa huenda hata asijue. Wakikataa saba, yeye ndiye anayelipia dhamiri zao.

Sasa nikwambie kukataa ambako hakuna aliyenitahadharisha. Usiku mmoja nilikwenda na toroli ya bandeji kwa mzee mwenye kidonda cha mguu. Alitazama mikono yangu, uso hakuugusa. Akaufunika mguu kwa shuka, akasema aletewe nesi mwingine. Nikauliza kulikoni. Akajibu bila hata kupandisha sauti, kama mtu anayeomba maji, kwamba haguswi na mtu wa rangi yangu. Nikamwita sista kiongozi wa zamu, mama wa Kizungu aliyekaribia kustaafu. Akavuta pazia, akamwambia: "Usiku huu wa kufunga kidonda ni huyu. Ukimtaka, bonyeza kengele."

Hakubonyeza. Hatukumletea mwingine. Tangu Aprili 2020 hospitali za umma za England zinaweza kumnyima mgonjwa mbaguzi huduma isiyo ya dharura, kwa hiyo hatukutoka nje ya kanuni. Angekuwa anavuja damu ningemfunga kidonda huku akinitukana, na hilo nalo ni kanuni. Asubuhi bandeji ilikuwa imelowa, usaha umefika kwenye shuka. Kwenye faili nikaandika "mgonjwa amekataa huduma", nikaitazama sentensi ile muda mrefu. Ilikuwa kweli. Lakini na sisi tulikuwa tumekataa kitu usiku ule, na faili halina mahali pa kuliandika hilo.

Kuhusu fedha, aliyekwambia hakudanganya sana. Tangu huduma ya afya ya umma ianze hapa Julai 1948, mkazi haulizwi pesa kwenye dirisha la hospitali. Hakuna risiti, hakuna ndugu wa kuchangisha, na mgonjwa hazuiliwi wodini kwa deni. Lakini mtu anaweza kukataliwa bila neno "hapana" kutamkwa. Unaambiwa utapata barua. England peke yake zaidi ya kesi milioni 7 ziko kwenye foleni ya matibabu yasiyo ya dharura, na nimepokea wagonjwa waliokuja na barua yao ya miadi wakati ugonjwa umeshaipita barua.

Marekani wao wana sheria ya 1986: karibu kila hospitali yenye kitengo cha dharura inabanwa kukupima na kukutuliza hata huna kitu mfukoni. Ukishatulia, wajibu wao chini ya sheria hiyo umekwisha, na bili inakufuata nyumbani. Moyo ukisimama watauamsha. Dawa za kuuzuia usisimame tena utajua mwenyewe. Na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maneno mazuri kuliko mengi niliyoyakuta huku. Tofauti iko kwenye swali la nani analipa bili saa nane za usiku, na pale ambapo hakuna aliyepangwa kulipa, nesi wa mapokezi ndiye anayesukumwa kuwa mlango. Nakuomba usimchukie nesi huyo. Siku moja utakaa kiti chake.

Kwa hiyo njoo, ila kwenye usaili uliza wodi unayopelekwa inafanya nini, na useme msimamo wako mapema, kabla mgonjwa hajalala kitandani. Ukitokea na viza ya wafanyakazi wa afya umesamehewa ile ada ya afya ambayo wahamiaji wengi wanalipa kwa kila mwaka wa viza.

Shangazi hayumo katika msamaha huo. Mgeni wa matembezi akianguka atahudumiwa bure kwenye kitengo cha dharura, lakini akilazwa tu hesabu inaanza, asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Upasuaji wa goti ni wa kupangwa, na tangu Oktoba 2017 mgeni anaulipia kabla hajaguswa. Mwambie akate bima ya safari. Halafu mwambie kwa upole kwamba bima nyingi za safari hazigharamii ugonjwa ambao mtu anao kabla hajasafiri, na goti lile analilalamikia tangu mimi sijaondoka.