Maswali Yenu: "Noo dan" ni salamu gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Jirani yangu katoka Shetland, vile visiwa vya kaskazini mwa Scotland, kila tukikutana ananiambia "noo dan" alafu anasubiri nijibu. Nimetafuta neno moja moja nikapata "sasa" na "basi". Sasa basi nini?? Msomaji, Aberdeen.

JIBU: Hahaa, ndugu, hapo anakusalimia tu! Hiyo ni Shaetlan, lugha ya hukohuko Shetland, na ukiivunja neno kwa neno utapotea. We mwenyewe si unasalimia "sasa!" na mtu anakujibu "poa", hakuna anayeangalia saa. Mrudishie "noo dan" hiyohiyo, imeisha.

Misemo ya hivyo wanayo mingi. Ninayoipenda mimi ni "simmer dim", ule mwanga hafifu wa usiku wa Juni, maana kule kiangazi jua likizama giza halifungi kabisa, huo mwanga ndo una jina lake. Alafu kuna "mirrie dancers", zile taa za kijani zinazocheza angani usiku (aurora), na hapa wengi wanateleza wakidhani ni wachezaji wenye furaha, kama "merry" ya Kiingereza, kumbe "mirr" ni kutetemeka, kumetameta.

Ila angalia kitu kimoja, "du", yaani "wewe", ni ya rika na watu wa nyumbani, mzee wa watu mwambie "you", ile "wewe" ya heshima. Ukimdu-du baba yake jirani, ni kama umemwambia "mambo vipi" badala ya shikamoo.