Ukialikwa Caux, jiandikishe zamu ya jikoni

Kijana mmoja niliyemfundisha kidato cha nne hapa Kasulu, mkoani Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi, aliniandikia wiki iliyopita. Amepata mwaliko wa mkutano wa vijana kuhusu amani na uongozi huko Caux, Uswisi, naye anaomba nimsaidie kuandika hotuba. Nikamwambia aiache hotuba kwanza. Nami niliwahi kupanda mlima ule na hotuba mkobani, na ningependa yeye na wenzake wenye mialiko ya namna hiyo wajue kilichonipata.

Mambo ya karatasi niyamalize upesi. Hakikisha mwaliko ni wa kweli kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu matapeli wanaouza mialiko ya mikutano isiyokuwepo ni wengi. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Uswisi na nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla yake. Bima ya safari iwe ya kiwango cha euro 30,000 au zaidi. Uliza kwa maandishi nani analipa nauli, nani analipa malazi. Beba sweta hata kama ni Julai. Basi.

Caux ni kijiji kilicho juu ya mji wa Montreux, kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Unapanda kwa treni ya milimani inayong'ata reli kwa meno, huku Ziwa Geneva likibaki chini zaidi kila mnapopinda kona. Mikutano inafanyika katika jumba lililofunguliwa mwaka 1902 likiwa hoteli ya matajiri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili lilihifadhi wakimbizi, wakiwemo Wayahudi kutoka Hungaria. Mwaka 1946 Waswisi kadhaa wakachangishana wakalinunua, ili watu waliotoka kuuana wapate pa kukaa pamoja.

Hapo ndipo alipofika Irène Laure mwaka 1947. Alikuwa Mfaransa, msoshalisti aliyewahi kuwa mbunge, na wakati wa vita alipambana na Wanazi kwa siri huko Marseille. Mwanawe aliteswa mikononi mwa polisi wa Hitler. Alipowakuta Wajerumani wamealikwa, alitaka kufunga virago. Hakuondoka. Baada ya siku kadhaa za kugombana na nafsi yake alisimama mbele ya mkutano, akawaomba Wajerumani radhi kwa sababu ya chuki aliyokuwa nayo. Baadaye yeye na mumewe wakaenda Ujerumani kuzungumza na watu mji baada ya mji.

Niliisimuliwa habari hiyo siku yangu ya pili, nikaiandika vizuri kwenye daftari ili nikawafundishie wanafunzi. Sikuiona inanigusa. Mimi nilikuwa nimekuja kueleza jinsi Tanzania ilivyo kisiwa cha amani, ilivyowapokea wakimbizi tangu miaka ya 1960 na ilivyowapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972. Yote hayo ni kweli, na bado najivunia.

Sasa nije kwenye zamu. Desturi ya nyumba ile ni wageni kufanya kazi: kumenya viazi, kuandaa meza, kuosha vyombo. Wapo wanaokwepa, wakidhani hawakusafiri umbali wote ule kwenda kusugua sufuria. Usiwaige. Ukumbini kila mtu anaongea kama balozi wa nchi yake. Kwenye sinki, mikono ikiwa na povu hadi viwikoni, mtu anaongea kama yeye.

Niliyepangwa naye alikuwa dada Mrundi wa rika langu. Tulianza kwa Kifaransa chake na Kiingereza changu, kwa taabu, mpaka akaniuliza nimetoka wapi Tanzania. Nilipotaja Kasulu aliacha kusuuza. Alikulia kambini kule kule, mwendo wa baiskeli kutoka kwetu. Tukahamia Kiswahili, halafu yeye Kirundi mimi Kiha, lugha ya kwetu Kasulu, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Maji kwao na kwetu ni amazi, amani ni amahoro. Ilinibidi nivuke bahari kumfahamu jirani yangu!

Nikamweleza hotuba yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima. Kisha akasema, "Kaka, ni kweli mlitupokea. Lakini kuna siku mama yangu hakulipwa." Wakati ule mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Chakula cha mgao hakikutosha, kwa hiyo kina mama walitoka kwa kujificha wakalime vibarua vijijini. Mama yake alilima shamba la mtu wiki mbili. Siku ya malipo mwenye shamba akamwambia aende zake, la sivyo ataitiwa polisi.

Sikumjibu. Nilikuwa naijua hadithi hiyo kwa upande wa pili. Pale kwetu mjomba wangu alikuwa akilimiwa bondeni na Warundi, na utotoni niliwahi kumsikia akicheka na wenzake kwamba mwaka huo shamba limelimwa bure. Nami nilicheka.

Asubuhi Caux kuna muda wa kukaa kimya, kila mtu na daftari lake. Vijana wengi huutumia kujibu meseji. Nakuomba sana usifanye hivyo. Siku iliyofuata nilikaa kimya nikatazama milima, na kila nilipotaka kuandika kuhusu Tanzania kalamu iliandika kuhusu lile bonde. Irène Laure aliomba radhi naye ndiye aliyeumizwa. Mimi wa upande uliokula jasho la watu nilikuwa naogopa nini? Mchana nilimtafuta yule dada, nikamwambia habari ya mjomba, na kwamba nilicheka. Alilia kidogo, nami pia. Hotuba ilipofika zamu yake nilisoma nusu tu. Nusu nyingine nikasimulia la bondeni, baada ya kumwomba ruhusa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda ukiwa na jambo moja la kwenu linalokuwasha, hata kama ni dogo na la aibu. Takwimu za nchi watu watazisoma wenyewe. Na usikusanye namba za simu mia mbili. Rudi na watu wawili ambao utaendelea kuwapigia. Yule dada bado tunapigiana.

Niliporudi sikuona kazi yoyote ya amani iliyobaki kama sijaenda kwa mjomba. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikamsaidia gunzi tatu nne, halafu nikamuuliza kuhusu wale kina mama waliolima bondeni, kama waliwahi kulipwa.

Alipukuchua mpaka gunzi likawa jeupe. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Umemwona nani huko?"