Maswali ya Wasomaji: Kuuza Chipu kwa Hasara ili Kupata Soko

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma uhasibu. Nimeona kwamba mwaka 2014 kitengo cha simu na vishikwambi cha Intel kilipata hasara ya dola bilioni 4.2, na papo hapo kampuni ikatangaza kuwa lengo lake la vishikwambi limetimia. Inawezekanaje? Na mtu atajuaje kama kushusha bei kutamlipa?

JIBU: Lengo lilihesabiwa kwa vifaa, si kwa fedha. Intel ilitaka chipu zake ziingie kwenye vishikwambi milioni 40 mwaka ule, zikaingia milioni 46. Watengenezaji wengi walikuwa wamezoea chipu za ARM (usanifu wa chipu unaotumika kwenye simu nyingi), ambazo ubao wake, yaani bodi inayobeba chipu na vipuri vingine, ulikuwa rahisi kuunda. Chipu ya Intel ya wakati huo, Bay Trail, ilihitaji ubao na vipuri vya bei kubwa zaidi. Intel ikakubali kumlipa mtengenezaji tofauti hiyo.

Hapa ndipo wewe mhasibu utazame kwa makini. Malipo hayo hayakuandikwa kama matumizi. Yalikatwa moja kwa moja kwenye mapato. Ndiyo sababu katika robo ya tatu ya 2014 kitengo kizima kilionyesha mapato ya dola milioni 1 tu, na hasara iliyozidi bilioni 1. Kampuni haikuyumba kwa kuwa chipu za kompyuta na seva ziliubeba mzigo: faida ghafi ya Intel nzima (mauzo ukitoa gharama ya kutengeneza bidhaa) ilibaki juu ya asilimia 60 ya mauzo.

Kwa maoni yetu, kosa halikuwa ukubwa wa ruzuku hiyo iliyolipwa watengenezaji. Soko lililonunuliwa halikuwa na kamba ya kulifunga. Programu za Android zilifanya kazi kwenye chipu za pande zote mbili, hivyo mtengenezaji angeweza kurudi ARM siku ruzuku inapokoma. Chipu nafuu ya SoFIA, iliyotarajiwa kuiondoa ruzuku, ilichelewa, na mwaka 2016 Intel ikaifuta.

Linganisha na AMD, mshindani wa Intel, mwaka 2017. Chipu yake ya Ryzen 7 1800X yenye kori 8 (kori ni sehemu ya chipu inayofanya hesabu) ilitoka kwa dola 499, wakati ya Intel yenye kori 8 ilizidi dola 1,000. Hata hivyo faida ghafi ya AMD ilipanda, kutoka asilimia 23 mwaka 2016 hadi 34 mwaka 2017. Unafuu ulitoka kwenye muundo wenyewe: kipande kilekile cha silikoni cha kori 8 kilitumika kwenye kompyuta za mezani, na vinne vikiunganishwa vikawa chipu ya seva ya kori 32. Kipande kidogo hupunguza kinachotupwa kwa kasoro. Tena soketi ya AM4, yaani kiti cha chipu kwenye ubao, ilidumu vizazi kadhaa vya chipu, kwa hiyo aliyekwisha nunua ubao alikuwa na sababu ya kurudi.

Sasa hesabu. Chukua chipu ya dola 100 inayogharimu 40; inakuachia 60. Ukishusha bei hadi 80 inakuachia 40, na ili faida ghafi isipungue lazima uuze 150 pale ulipouza 100. Kama gharama ni 65, punguzo hilohilo linakuachia 15 badala ya 35, na utalazimika kuuza 234. Kwa mwenye faida nyembamba, vita vya bei ni vya kufa na kupona.

Wanafunzi wengi hukosea kwa kuingiza uchakavu wa kiwanda kwenye ile gharama ya 40. Mashine zimekwisha nunuliwa, na zinachakaa hata zikikaa bure. Kiwanda kikiwa na nafasi, chipu moja zaidi inagharimu silikoni, kemikali, umeme, upimaji na ufungaji tu, hivyo bei ya chini yaweza kulipa. Kikiwa kimejaa, kila chipu ya bei ya chini inachukua nafasi ya ile ya bei ya juu, na gharama yake inajumuisha faida yote ambayo ile nyingine ingeleta.