Ukipima Rojo, Usiniletee Namba Moja

Ukiniletea rojo la ukwaju ukaniuliza mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, nami nitakuuliza: ukilizungusha kwa kasi gani? Maji na mafuta ya kupikia hayana taabu hiyo; yakoroge polepole au mbio, mnato ni uleule mradi joto halijabadilika. Ukwaju, nyanya ya kopo na chatne hulegea kadiri unavyovikoroga. Cheti kilichoandikwa "sentipoizi 12,000" (sentipoizi ni kizio cha mnato) bila kasi, joto wala aina ya kichwa cha mashine kilichozungushwa ndani ya rojo, mimi hukirudisha.

Ninachokijali zaidi ni nguvu ya kuanzisha mwendo. Mteja wa Marikiti hana mashine: huipindua chupa ya chatne, akaipiga kitako, akatazama. Isipotoka hanunui, ikimwagika mbio atasema umetia maji. Hapo amekwisha kuipima nguvu hiyo, bila maabara.

Kwenye maabara, achana na kichwa laini cha mviringo. Rojo hujitenga kando ya chuma likaacha utando mwembamba wa maji, kichwa kikateleza humo, ukasoma namba ndogo kuliko ukweli. Tafuta kichwa cha mabawa manne. Watafiti Nguyen na Boger walikitumia huko Australia, wakaeleza njia hiyo mwaka 1983, kwa tope jekundu linalobaki bauksiti ikishasafishwa. Kizamishe taratibu, kizungushe polepole sana, uandike kilele cha nguvu kabla haijashuka.

Na usikoroge kwanza! Vijana wapya wakiona sampuli imetulia, mkono unawawasha, wanaipa mwiko. Basi wameshakivunja walichokuja kupima. Iache itulie, muda uleule kila mara. Joto nalo, kwa Mombasa yetu, si la kupuuza: sampuli ya asubuhi na ya saa nane mchana huwa kama vitu viwili. Mimi huitia kwenye beseni la maji ya nyuzi 25 hadi katikati yake ifike hapo.

Huna pesa ya mashine? Kata kipande cha bomba la plastiki, kisimamishe juu ya kigae, jaza, sawazisha, kisha kinyanyue wima bila kutikisa. Pima rojo limeshuka milimita ngapi. Mafundi wa zege hufanya vivyo hivyo kwa koni ya milimita 300. Likishuka kidogo, nguvu ya kulianzisha ni kubwa. Bomba liwe lilelile siku zote, na lisiwe la bati, maana ukwaju hula chuma.