Baiodaijesta imejaa: tununue unga wa bakteria?

SWALI: Mhandisi, ploti yetu ya mtaa wa Utawala, Nairobi, ina nyumba sita. Aliyetujengea baiodaijesta, yaani tangi la maji taka ambamo bakteria huozesha kinyesi, alituapia kwamba haijai maisha. Tangu mvua ya Aprili, maji yanarudi bafuni na harufu haivumiliki. Sasa anatuuzia unga wa bakteria wa kumwaga kila mwezi. Tununue? – Mama Kevo

JIBU: Msinunue, Mama Kevo. Kinyesi chenyewe huingia tangini na bakteria mabilioni kwa kila gramu. Hawajapungua, ila wamenyimwa mazingira. Bakteria wasiotumia hewa huchapa kazi vizuri kwenye nyuzi 35 hivi, na udongo wa Nairobi haufikii joto hilo hata Februari. Juu ya hayo, wapangaji humwaga klorini chooni na mafuta ya kukaangia kwenye sinki. Unga utakaoununua utakutana na klorini hiyo hiyo.

Lakini kwenu ninashuku mvua kwanza. Sehemu kubwa ya upande huo wa mji ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa huvimba na kuziba, maji yakakosa pa kuzama. Fungueni mfuniko ulio kabla ya shimo la kuzamishia maji yanayotoka tangini. Mkikuta maji yamesimama hadi juu ya bomba la kutokea, shimo hilo ndilo lililoshindwa.

Hilo la "haijai" nalisikia kila mara, na linanikera kwa sababu watu hulipia pesa nyingi kisha wakajenga bila kuacha njia ya lori la kunyonya. Hakuna tangi lisilojaa! Mchanga, nywele, plastiki na sodo haviliwi na bakteria yeyote, na hata kinachooza huacha tope. Pimeni hivi: viringisheni kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, muuzamishe hadi chini, msubiri kidogo, muutoe polepole. Palipogandwa na weusi ndipo lilipofika tope. Likifika theluthi moja ya kina cha maji, iteni lori.

Kuna na mafundi wa bei nafuu wanaojitolea kuingia wachote kwa ndoo. Wakatazeni kabisa. Tope hilo hutoa gesi inayoua kwa pumzi chache, na ikizidi pua haiinusi tena. Fundi akianguka ndani, mwenzake asimfuate. Ndivyo shimo moja linavyoua watu wawili, watatu.