Jibu: Msaidizi wa ushambuliaji na msaidizi wa ulinzi sawa, lakini msiwagawie wachezaji

Kocha, simamisha huo mpango kabla ya Jumanne. Umeandika kwamba timu yenu ya ligi ya kanda huko West Nile imepata mfadhili, mnaleta wasaidizi wawili, mmoja wa ushambuliaji na mwingine wa ulinzi, kila mmoja atachukua wachezaji wake kwenye nusu yake ya uwanja, halafu wewe kocha mkuu utawaunganisha Ijumaa. Wasaidizi wawili ni jambo zuri. Hiyo ya kila mmoja na wachezaji wake ndiyo itawazamisha, na inaniuma kwa sababu timu nyingi hapa Uganda zinaingia shimo hilo hilo msimu baada ya msimu.

Gaweni kazi. Wachezaji msiwagawe.

Angalia kinachotokea uwanjani. Upande mmoja washambuliaji, mawinga na viungo wawili wanafanya krosi na kumalizia. Winga anapiga krosi, beki anaiondoa, kocha anapuliza kipyenga, mpira mpya. Upande wa pili mabeki wanne na kiungo mkabaji wameshajipanga, wanaletewa mpira kutoka katikati, wanasogea pamoja, wanaokoa, kipyenga, wanarudia. Mazoezi yote mawili yanapendeza kuyatazama, na mfadhili akipita atafurahi. Lakini zoezi la kwanza linakwisha pale pale mpira unapopotea, na la pili linaanza mabeki wakiwa tayari wamepanga mstari. Zile sekunde tano au sita za katikati, mpira umepotea, fulbeki, yaani beki wa pembeni, yuko juu mbele, kiungo amegeuza mgongo, hazijafundishwa na mtu yeyote wiki nzima. Mtafungwa hapo hapo, na kila msaidizi atasema kwa haki kabisa kwamba yeye kazi yake aliifanya.

Ijumaa haiwezi kuziba pengo hilo. Kama mechi ni Jumamosi, siku hiyo miguu inapumzishwa. Utapanga watu kwa kutembea dakika ishirini hivi, mtapiga kona chache, mnaondoka. Kukimbia kurudi nyuma ukiwa umechoka na kichwa bado kiko mbele, hilo linafundishwa Jumatano kwa kasi ya mechi, la sivyo halifundishwi.

Chukua kona yenu ya dakika ya 70, mko nyuma bao moja. Kocha wa ushambuliaji amefundisha watu sita ndani ya boksi, mmoja ukingoni anasubiri mpira wa pili, ule unaorudi ukiokolewa, mmoja anapiga, mmoja anasogea kwa kona fupi. Hao tisa. Kocha wa ulinzi naye amefundisha kwamba wapinzani wakiacha mtu mmoja juu sisi tunabaki wawili, wakiacha wawili tunabaki watatu. Tisa na wawili ni kumi na mmoja, na ukimtoa kipa una kumi tu. Nani anakatwa? Msipolijibu mazoezini, litajibiwa na kijana wa miaka 19 aliyesimama ukingoni mwa boksi, masikio yote yako benchi, sauti moja inamwambia ingia, nyingine inamwambia rudi. Anapiga hatua mbili mbele, anasita, anarudi hatua moja. Kipa wao anadaka, anamrushia winga kwa mkono, na mtu wetu wa karibu wa kumzuia yuko mita thelathini nyuma. Bao la pili, mechi imekwisha, na lawama zote anabebeshwa yule kijana.

Halafu hizo sauti mbili zenyewe haziruhusiwi. Sheria za mchezo zinasema mtu mmoja tu kwa wakati mmoja ndiye anayetoa maelekezo ya kiufundi kutoka eneo la benchi. Mwamuzi akiamua kuisimamia sheria, mmoja wenu atakalishwa chini mbele ya wachezaji wake.

Wanaoumia zaidi ni fulbeki na kiungo mkabaji. Mpango wenu umewaweka kwa kocha wa ulinzi, lakini kocha wa ushambuliaji bila fulbeki anayepanda hana upana, na bila kiungo mkabaji hana wa kuanzisha mpira. Kwa hiyo atawaomba Jumatano, mwenzake atawarudisha Alhamisi. Kiungo si mtoto wa wazazi walioachana, leo kwa baba kesho kwa mama. Anahitaji mtu mmoja wa kumwambia: winga wa kulia akipanda na fulbeki wake, wewe unabaki mbele ya mabeki wa kati, na fulbeki wa kushoto anakaa ndani. Sentensi moja, ya mtu mmoja, kila wiki ile ile.

Na kwetu jambo hili lina uzito kuliko huko mpango huu ulikonakiliwa. Pale Lugogo, Kampala, kwenye nyasi bandia pasi inafika ilikotumwa. Kwenye viwanja vingi vya ligi za kanda mpira unadunda kwenye kichuguu, na mvua za Aprili au Oktoba zikishika, hata mguso wa kwanza unakimbia. Mtapoteza mpira mara nyingi hata mkicheza vizuri. Timu inayopoteza mpira mara nyingi ndiyo inayohitaji zaidi kufundishwa cha kufanya inapoupoteza.

Sasa wale waliowauzia mpango huu. Hao wa semina za siku mbili wanaotembea na kompyuta na picha za mabenchi ya Ulaya, wanachukua ada ya klabu isiyo na hata mipira kumi, wanaacha vyeo na kuondoka. Wanatolea mfano futiboli ya Kimarekani, yenye mratibu wa ushambuliaji na mratibu wa ulinzi. Kule wanaoshambulia ni kundi jingine na wanaojilinda ni kundi jingine, na mchezo unasimama baada ya kila jaribio. Ndiyo maana inawezekana kuwagawa. Kwetu winga anayepiga krosi ndiye huyo huyo anayetakiwa kumkaba fulbeki wao sekunde mbili baadaye. Au wanamtaja Nicolas Jover, aliyeingia Arsenal mwaka 2021 kama kocha wa mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki. Sawa, lakini mpira uliokufa umesimama, ndiyo sababu unaweza kukatwa ukawa kazi ya mtaalamu. Na bado wachezaji wote ni wa kocha mkuu, Arteta. Kuwapa watu wetu cheo bila kuwaeleza hilo ni kula pesa za vijana wanaopanda boda kwenda mazoezini kwa shilingi zao wenyewe.

Fanyeni hivi. Wewe kocha mkuu chukua nyakati mbili: mpira unapopotea na mpira unapopatikana. Usimpe mtu. Msaidizi wa ushambuliaji apange jinsi ya kuvuka katikati, krosi na umaliziaji. Msaidizi wa ulinzi apange mstari, ukabaji wa krosi na kona za wapinzani. Wote wawili wafanye kazi ndani ya zoezi moja.

Zoezi lenyewe: nusu ya uwanja, ongeza mita 15 ng'ambo ya mstari wa kati. Goli kubwa lina kipa. Kule mwisho weka vigoli viwili vya koni, upana mita 3 kila kimoja. Timu A wanane wanashambulia goli kubwa. Timu B ina kipa, sita wa kujilinda, na wawili wanaobaki juu karibu na mstari wa kati. A wakipoteza mpira, B wana sekunde nane kufikisha mpira kwa wale wawili na kufunga kwenye kigoli. Bao la B linahesabiwa mawili. Dakika nne kwa kasi, mbili za kupumzika, mizunguko sita. Wanaosubiri wanaingia kila mzunguko.

Msaidizi wa ushambuliaji asimame nyuma ya A, wa ulinzi asimame pembeni mwa goli kubwa, wewe simama mstari wa kati na mipira. Hapo utaona mara moja nani kati ya wanane wa A amebaki kulinda. Anza na watatu wanaobaki, na wasimame karibu na wale wawili wa B, mmoja kila mtu na mmoja wa kuzibia nyuma. Kosa la kawaida ni hao watatu kubaki nyuma kweli lakini mita ishirini mbali na watu wao, wanatazama mpira. Hao hawajabaki, wamesimama tu. Kosa jingine ni washambuliaji kupiga mpira nje makusudi ili kukwepa hesabu ya sekunde nane. Ukitoka, mpe B mpira mpya papo hapo. Na wasaidizi wasisimamishe zoezi kila mmoja kwa wakati wake. Kipyenga kiwe chako peke yako, wao waongee wakati wa mapumziko ya dakika mbili.

Kazi ya makundi madogo ipo, ila iwe dakika kumi na tano za mwisho, baada ya watu wote kufanya kazi pamoja. Straika anabaki kupiga, mabeki wa kati wanabaki kwa mipira ya vichwa.

Kuhusu posho, jambo moja tu: msilipe bonasi ya mabao kwa msaidizi mmoja na bonasi ya kutofungwa kwa mwingine. Mkifanya hivyo, yule wa kwanza atataka fulbeki wote wapande, wa pili atataka wote wabaki, na mtakuwa mmewalipa ili wagombane. Bonasi iwe ya pointi, sawa kwa wote.

Na kabla ya kusaini mtu, mwite uwanjani, mwonyeshe winga anayepoteza mpira kwenye kona ya boksi, muulize watu watano walio karibu naye wanafanya nini. Akianza kwa kusema hilo ni la mwenzake, mshukuru, mpe nauli, tafuteni mwingine.