Saa inayosoma 165, na maswali mengine ya wiki

*Fundi, nimeunganisha chipu ya saa ya DS1307 na kontrola ya ESP32, skrini inaonyesha 165:165:85. Nimeuziwa feki? (Mbale)*

Feki zipo, ila hii yako haijapata hata nafasi ya kuonyesha ufeki wake. Hiyo 165 ni ukimya. Kontrola imeita anwani ya chipu, 0x68, hakuna aliyeitika, programu ikabaki na biti zote zikiwa moja, yaani FF kwa namba za heksadesimali. Chipu hizi hutunza namba kwa BCD: nusu ya juu ya baiti ni makumi, ya chini ni mamoja. F ni 15, kwa hiyo makumi 15 na mamoja 15, ndiyo 165 yako. Kwenye sekunde biti ya juu kabisa huondolewa kwanza, inabaki 7F: makumi saba na 15, jumla 85.

Aliyeinyamazisha ni wewe, kwa kuilisha volti 3.3. DS1307 inataka 5. VCC, yaani volti unazoilisha, ikishuka chini ya mara 1.25 ya volti za betri, chipu inajifungia mlango na kuendelea kuhesabu saa peke yake. Betri ya volti 3 maana yake mlango unafungwa kwenye 3.75. Ukiipa 5, tazama resista zinazovuta juu SDA na SCL, waya mbili za mawasiliano. Kwenye moduli nyingi zinavuta hadi 5, na pini za ESP32 ni za 3.3. Zing'oe, weka za kilo-ohm 4.7 kwenda 3.3. Au chukua chipu ya DS3231, inayokubali 3.3 bila ugomvi.

*Dakika zinatoka 9 zinaruka hadi 16. Kwa nini? (Arua)*

BCD. Soma jibu la hapo juu: 10 hutunzwa kama 1 na 0 katika nusu mbili za baiti, nawe umeisoma kama namba ya kawaida, ikawa 16.

*Nimetengeneza kengele ya shule. Umeme ukikatika na kurudi, saa inarudi Ijumaa ile niliyoifunga. Betri nimebadilisha mara tatu. (Masaka)*

Mwalimu, betri zako tatu zilikuwa nzima. Swali hili limenifikia mara nyingi kuliko nauli inavyopanda, na kila mara kosa ni lilelile: mstari wa kuweka saa umeachwa ndani ya setup, sehemu ya programu inayoendeshwa kila kontrola inapoanza. Mstari huo huchukua saa ya kompyuta wakati programu ilipotengenezwa. Umeme ukirudi, kontrola inaanza upya, inauendesha tena, na inaandika Ijumaa yako juu ya saa sahihi ambayo chipu ilikuwa imeitunza gizani usiku kucha. Chipu imefanya kazi yake, programu imeifuta.

Weka saa mara moja, ufute mstari, upakie programu tena. Ukitaka kuuacha, uuwekee sharti. DS3231 ina biti ya 7 ya rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu) 0x0F, inayoinuka saa inaposimama. Ikiwa imeinuka, ndipo uandike, kisha uishushe. Kwa DS1307 tazama biti ya 7 ya rejista ya sekunde. Ikiwa moja, saa imesimama.

Mnanakili programu bila kusoma, halafu mnalaumu duka.

*Moduli ya DS3231 imekuja bila betri. CR2032 inafaa? (Gulu)*

Inafaa kwa chipu. Kwa ile moduli ya bluu inayouzwa kila kona, subiri kwanza. Ina dayodi na resista ya ohm 200 zinazochaji betri, maana imekusudiwa LIR2032, betri ya kuchajiwa. CR2032 haichajiwi. Ukilisha moduli volti 5, betri inasukumiwa kama 4.4, na hata LIR2032 mwisho wake ni 4.2. Mezani kwangu ninayo moja iliyovimba mpaka ikainua klipu yake. Ng'oa hiyo resista kwa solda kabla ya kuweka CR2032, chipu haitaikosa.

*DS1302 haionekani nikitafuta anwani. (Entebbe)*

Haina anwani. Si I2C, ule mtindo wa waya mbili na anwani, ina waya zake tatu.

*Saa yangu ya DS1307 inachelewa karibu dakika moja kwa mwezi. (Jinja)*

Kwa DS1307 huo ni mwendo wa kawaida. Kristali inayoipigia mapigo, ya hezi 32,768, yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku. Ukiifunga chini ya mabati, jua la mchana linaongeza ucheleweshaji, kwa sababu kristali hizi hupunguza mwendo zikiwa mbali na nyuzi 25, kwa joto au kwa baridi. DS3231 hupima joto lake kila sekunde 64 na kujirekebisha. Kwa tofauti ya bei iliyopo, sielewi mnang'ang'ania nini.

*Nimeweka taa za kuku zizime saa nne usiku. Zinawaka mpaka alfajiri! Chipu inawahi au inachelewa? (Wakiso)*

Ndugu, nimecheka, nisamehe. Umeandika 4, sivyo? Chipu haijui Kiswahili wala Luganda. Saa nne yetu ya usiku kwake ni 22. 4 yake ni saa kumi alfajiri. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni ongeza sita: saa moja asubuhi ni 7, saa kumi na mbili jioni ni 18. Usiku, kuanzia saa moja mpaka kabla ya saa sita, ongeza kumi na nane. Tena hakikisha biti ya 6 ya rejista ya masaa ni sifuri, la sivyo chipu itahesabu kwa mtindo wa saa 12 na 22 yako haitafika kamwe.

Andika 22, kuku walale.